Msomaji Mwenye Chongo

Darasani tulizoeshwa kuitazama kazi ya fasihi kwa macho mawili, fani na maudhui. Jicho moja huuliza jambo limesemwaje, la pili huuliza limesemwa nini, na mwalimu wetu hakutusamehe kila tulipofumba mojawapo. Kwa hiyo nilicheka peke yangu siku nilipotambua kwamba saketi niliyoikalia wiki nzima ilinishinda kwa sababu nilikuwa nimeipa macho yote mawili. Ilitakiwa iwe na chongo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mjomba wangu ana duka la jumla lenye kamera nne za zamani, zile zinazopeleka picha kwa kebo ya koaksia hadi kwenye mashine ya kurekodia iliyoko stoo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikitangulia, lakini aliyezima minara hakupita madukani kung'oa kebo. Moja ya kebo za mjomba inapita juu ya dari, na huko juu panya wana makazi ya kudumu. Alitaka king'ora kidogo kilie kebo ikikatwa au kamera ikifa. Mashine yenyewe ilijua kuandika kwenye skrini kwamba picha imepotea, ila stoo hakai mtu wa kuyasoma maandishi hayo. Basi nikachukua karatasi nikachora, nikafuta, nikachora tena. Ninachokihakiki hapa ni michoro hiyo. Lakini msomaji hupimwa kwa matini aliyopewa kusoma, kwa hiyo tuanze na matini.

Ishara ya video ya mfumo wa PAL, uliobuniwa na mhandisi Walter Bruch katika kampuni ya Telefunken huko Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina arudhi kali kuliko utenzi wowote nilioujua. Kila mstari una urefu wa mikrosekunde 64. Katika hizo, 52 ni za picha na 12 zilizobaki hazionyeshi kitu chochote. Ukiunganisha osiloskopu utaziona vizuri. Kwanza ishara inarudi kwenye kiwango cha weusi na kutulia kwa mikrosekunde 1.5, kama mghani anayevuta pumzi. Kisha inadidimia chini ya weusi kwa milivolti 300 na kukaa huko kwa mikrosekunde 4.7. Halafu inapanda tena hadi kwenye weusi, inatulia kwa 5.8, na ndani ya utulivu huu wa pili umepachikwa mtetemo mfupi wa megahezi 4.43, mizunguko kumi hivi, ambao televisheni huutumia kupata ufunguo wa rangi. Baada ya hapo picha huanza, ikipanda na kushuka kati ya weusi na weupe, yaani kati ya sifuri na milivolti 700.

Ule mdidimio wa mikrosekunde 4.7 nitauita pigo la ulandanishi, au pigo tu, kwa kuwa ndio unaoilandanisha televisheni na kamera. Tazama mahali ulipowekwa. Mtunzi amegawa volti moja aliyopewa mafungu mawili: theluthi mbili na ushei za juu ni za picha, na milivolti 300 za chini ni za pigo. Mwanga na kivuli haviruhusiwi kushuka huko hata usiku wa manane. Fani imejengewa chumba chake sakafuni, na maudhui yanakaa ghorofani. Sijui utungo mwingine wowote ambamo ningeweza kuchukua rula na kuchora mstari kati ya fani na maudhui.

Mistari 625 hufanya fremu moja, na fremu 25 hupita kwa sekunde. Fremu hata hivyo haighanwi kutoka juu hadi chini kwa mkupuo mmoja. Imegawanywa nyuga mbili, mistari ya witiri katika uga mmoja na ya shufwa katika mwingine, kwa hiyo kila uga una mistari 312 na nusu. Mtu aliyezoea beti zilizokamilika atadhani nusu hiyo ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. Uga wa kwanza ukiishia katikati ya mstari, uga unaofuata huanza nusu mstari mbele na mistari yake huangukia katika nafasi zilizoachwa. Nusu moja inatosha kuzisuka nyuga mbili ziwe kitambaa kimoja.

Mwisho wa kila uga kuna kibwagizo. Kwa muda wa mistari miwili na nusu, ishara inakaa chini karibu muda wote: mapigo mapana matano, kila moja la mikrosekunde 27.3, yakitanguliwa na membamba matano na kufuatwa na membamba matano. Upana huo ndio unaoiambia televisheni irudi juu ya skrini. Lakini kwa nini yawe matano, wakati ingewezekana kushuka mara moja na kukaa chini muda wote huo? Kwa sababu televisheni inahesabu mistari kwa mapigo, na pigo moja refu lingeiacha bila hesabu. Kwa hiyo kila pigo pana linakatizwa kwa mwinuko mfupi wa mikrosekunde 4.7, na miinuko hiyo imepangwa ili hesabu ya mistari iendelee bila kukosa. Kibwagizo kimebadilisha sauti pasipo kuvunja mizani. Aliyewahi kujaribu kutunga anajua ugumu wa jambo hilo.

Hiyo ndiyo matini. Sasa wasomaji.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na diodi moja, kapasita moja na kilinganishi cha LM393. Wazo lake ni lile linalomjia kila mtu: ishara ikiwepo kuna volti, diodi itaidaka, kapasita itaitunza, na kilinganishi kitatangaza kwamba ipo. Kwenye meza yangu, kamera ikitazama dirisha lenye jua, ulifanya kazi bila dosari. Dukani ukaanza kulia saa moja jioni, kila siku, taa za mbele zilipozimwa. Mjomba akanipigia simu.

"Mjomba, hiki kidude chako kinaogopa giza."

Hakukosea hata neno. Mandhari meupe huifanya ishara iwe na urefu wa volti moja kutoka chini hadi juu. Mandhari meusi huacha mapigo peke yake, yaani milivolti 300. Diodi ya kawaida ya silikoni haifunguki vizuri hadi ipate karibu volti 0.6. Mchana picha ilikuwa inainyanyua ishara juu ya kizingiti hicho, na usiku picha ilipoondoka mapigo yaliyobaki hayakukifikia. Msomaji wangu alikuwa amesoma maudhui akidhani anasoma fani. Alipima mwangaza wa duka na kuuita uhai wa kamera. Ningeweza kubadilisha diodi, kuweka ya gemani inayofunguka mapema, au kukuza ishara kwanza, na nakiri nilijaribu. Kizingiti kikashuka na king'ora kikachelewa hadi saa mbili. Kosa lilikuwa katika swali. Mchoro uliuliza "kuna volti kiasi gani?" wakati matini haikuahidi kiasi chochote cha volti katika picha. Ahadi yake pekee ilikuwa mapigo.

Mchoro wa pili unaanza kwa kuitupa picha. Umejengwa juu ya aisi ya miguu minane, LM1881 ya National Semiconductor, ambayo kazi yake ni kutenga mapigo na kila kitu kingine. Ishara inaingia mguu wa 2 kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1, na hapo kuna jambo la kusoma taratibu. Kapasita huzuia volti tulivu na kupitisha ile inayobadilika tu, maana yake inaipokonya ishara sakafu yake. Upande wa pili wa kapasita hakuna tena anayejua weusi uko wapi. Picha ikiwa nyeupe mapigo yanasogea huku, ikiwa nyeusi yanasogea kule. LM1881 inairudisha sakafu kwa kukibana kilele cha chini cha pigo kwenye volti 1.5, kisha inakata milivolti 70 juu yake. Kilichoko chini ya mkato huo ni pigo. Kilichoko juu, awe mteja, awe mwizi, awe paka wa jirani, hakihesabiki.

Nilisema mwanga na kivuli haviruhusiwi kushuka chini ya weusi. Rangi huruhusiwa. Nyekundu au buluu iliyokolea hubeba mtetemo mkubwa wa megahezi 4.43, na mabonde ya mtetemo huo huchungulia kwenye chumba cha mapigo. Ndiyo sababu karatasi ya maelezo ya aisi hii inapendekeza rezista ya omu 620 na kapasita ya pikofaradi 510 kabla ya mlango. Viwili hivyo hupunguza kila kinachozidi kilohezi 500 hivi, na rangi ikaishia nje. Ni vitu vya bei ya pipi, na mchoro usiokuwa navyo huwa nauona haujasahihishwa.

Kuna adabu nyingine ya kuingilia. Kebo ya video inataka mzigo wa omu 75 mwishoni, mmoja tu, na mashine ya kurekodia tayari inao. Fundi akiongeza wa pili ndani ya kidude chake, mizigo miwili itagawana na volti moja itashuka hadi 0.67, picha ikafifia stoo, na mwenye duka akalalamikia kamera. Msomaji anatakiwa asome bila kukunja ukurasa. Mchoro wangu unagusa kebo pembeni, hauweki mzigo wowote.

Baada ya mapigo kutengwa, LM1881 inatoa matokeo kwenye miguu kadhaa, na hapa ndipo mchoraji anapojitambulisha. Mguu wa 1 unatoa mapigo yote jinsi yalivyo, 15,625 ya mistari kwa sekunde. Mguu wa 3 unatoa pigo moja kwa kila kibwagizo, 50 kwa sekunde. Ukisikiliza mguu wa 1 unaweza kujua kebo imekatika kabla ya mikrosekunde 100 kupita, na mhandisi kijana huona fahari katika kasi ya namna hiyo. Lakini nani anaihitaji dukani? Friji la soda linapowaka hutupa cheche kwenye nyaya, mstari mmoja au kumi ikachafuka, na msomaji mwepesi hivyo atapiga yowe kila kompresa inapoamka. Nilichagua mguu wa 3. Ni kama kumsikiliza mghani kwa kungoja viitikio vyake tu: ukikosa kimoja utadhani amekohoa, ukikosa vinne mfululizo utaangalia kama bado amesimama.

Kazi ya kungoja nimeipa NE555, saa ndogo iliyosanifiwa na Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Signetics mwaka 1971 na ambayo hadi leo haikosekani kwa muuza vipuri yeyote. Kapasita ya mikrofaradi 1 ni mtungi, rezista ya kiloomu 100 ni bomba linaloujaza. Maji yakifika theluthi mbili ya volti 5, yaani volti 3.33, 555 inakata tamaa na mguu wake wa kutolea unashuka. Transista ya PNP, BC557, imewekwa kando ya mtungi, na kila pigo la kibwagizo linaifungua ili iumwage. Mapigo yakija kwa wakati mtungi haujai kamwe. Huu ni mchoro wa kale wa kugundua pigo lililokosekana, na uzuri wake ni kwamba hauhifadhi kumbukumbu ya pigo lolote. Unajua kitu kimoja tu, muda uliopita tangu la mwisho.

Lakini usomaji wa karibu unafichua kasoro katika hesabu inayorudiwa kila mahali. Vitabu husema muda wa 555 ni 1.1 mara rezista mara kapasita, na kwa vipimo vyangu ingekuwa milisekunde 110. Kanuni hiyo inachukulia kwamba mtungi unaanza ukiwa mtupu. Mtungi wetu haumwagiki wote. Transista ya PNP iliyounganishwa hivi huacha mabaki ya volti 0.8 hivi, kwa sababu inajifunga yenyewe kabla ya kufika chini. Ukianza kujaza kutoka hapo, kizidisho ni karibu 0.92, si 1.1, na muda unakuwa milisekunde 92. Nilipopima kwa osiloskopu nilipata karibu na hapo, si karibu na 110. Tofauti hiyo haina madhara dukani. Kibwagizo huja kila milisekunde 20, kwa hiyo 92 maana yake ni vinne vimekosekana, na hata kapasita ikipotoka asilimia 20 kushoto au kulia, kama kapasita za elektroliti zilivyo na tabia hiyo, utabaki kati ya vitatu na vitano. Hata ukileta kamera ya NTSC, yenye mistari 525 na nyuga 60 hivi kwa sekunde, hakuna cha kubadilisha. Napenda mchoro unaosamehe. Namba pekee ambayo ni ya mtunzi hapa ni hizo milisekunde 92, na ndani yake umo mtazamo wake wote kuhusu uvumilivu.

Kisha rilei. Karibu kila mchoro wa mwanafunzi unaiwasha rilei hatari inapotokea, na unasomeka vizuri: hatari, basi kelele. Mimi nimeugeuza. Rilei ya volti 12 inashikwa na transista ya BC547 wakati wote ishara ipo, na king'ora kimeunganishwa kwenye pini ambazo hufunga rilei inapoachia, kikiwa na betri yake chenyewe. Kebo ikikatika rilei inaachia. 555 ikiungua rilei inaachia. Umeme ukikatika, jambo ambalo mtaani kwetu halihitaji kubuniwa, rilei inaachia, na inasema kweli kwa sababu kamera nazo zimezimika. Kimya cha saketi kimegeuzwa kuwa tamko. Sambamba na koili kuna diodi ya 1N4007 iliyotazama kinyume, ya kumeza teke la umeme rilei inapoachia. Bila hiyo BC547 ingekufa mapema na kitoweo kingekuwa cha fundi.

Msomaji huyu ana udhaifu, na siwezi kuuficha. Ukimpa matini ya chenga, kwa mfano kutoka kwenye deki ya kanda za VHS isiyopata stesheni, fujo ile inaweza kuzaa mapigo ya bandia chini ya mkato wa milivolti 70, na baadhi yakaonekana mapana kiasi cha kumwaga mtungi. Yeye anasikia mapigo. Hapimi kama yana urari. Kwa chenga ningechora msomaji wa tatu, aliyejengwa juu ya LM567, aisi inayotambua mlio mmoja tu. Ukiipa kapasita ya nanofaradi 4.7 na rezista ya kiloomu 12.4 hivi, itaitikia hezi 15,625 na majirani zake wa karibu, na chenga itakuwa kelele tu masikioni mwake. Huyo anapima mizani kwelikweli. Lakini anataka kurekebishwa kwa bisibisi siku ya kwanza, na joto la bati la duka linaweza kumsogeza. Kamera ya dukani haitoi chenga, ama ipo ama haipo. Nikabaki na wa pili.

Skrini ya buluu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu hakuna kati ya wasomaji watatu anayeweza kuigundua. Baadhi ya mashine zikikosa ishara hutengeneza buluu safi na kuipeleka mbele, yenye mistari 625 kamili, vibwagizo kamili, na nusu mstari mahali pake. Ni utungo usio na kosa hata moja na usiosema lolote. Kwa hiyo kidude kifungwe kwenye kebo inayotoka kamera, kabla ya mashine yoyote yenye adabu za namna hiyo. Nimekifunga hapo.

Siku ya kujaribu, mjomba alipanda stuli akaivika kamera kofia yake. Skrini ikawa nyeusi tii. Tukasubiri, rilei haikusogea. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. Nikaishika plagi ya BNC ya kebo nyuma ya kamera, nikaizungusha robo, nikaichomoa, na kabla mkono haujashuka kikasikika kile kibofyo kidogo, king'ora kikafuata. Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Na mwizi akiifunika kwa kofia, kama nilivyofanya mimi?"

Nikamwambia hilo ni swali la maudhui. Akasema hamjui huyo maudhui, ila kofia anaijua, akaivaa akarudi kaunta.